Richard Whittington, Meya wa London

Watoto wa Uingereza tangu zamani husimuliwa hadithi ya Dick Whittington na paka wake. Hadithi yasema kwamba alikuwa yatima maskini, akaenda London kwa miguu kwa sababu alisikia kwamba njia za mji ule zimetandikwa dhahabu. Alipofika hakuona dhahabu, ila matope, akapata kazi ya jikoni katika nyumba ya tajiri mmoja. Usiku panya walimsumbua sana, hata akanunua paka kwa peni moja. Tajiri yule alipokuwa akipeleka chombo ng'ambo, kila mtumishi wake alipewa ruhusa kutia kitu cha kuuzwa, na Dick hakuwa na kitu ila paka yule, akamtoa. Huku nyuma mpishi akamtesa, naye akatoroka. Alipofika kilimani nje ya mji akasikia kengele za kanisa, na mlio wake ulikuwa kama wamwambia arudi, maana atakuwa meya wa London mara tatu. Akarudi, akakuta paka wake amekwisha kuuzwa kwa mfalme wa Barbary, kaskazini mwa Afrika, ambaye jumba lake lilijaa panya. Na bei aliyoitoa ilikuwa mali nyingi mno.

Hadithi hii ni tamu, na wengi wameipenda. Walakini wakati wa maisha yake Whittington hapana mtu aliyeandika neno juu ya paka. Hadithi ilianza kuenea katika Uingereza karibu na mwaka wa 1605, naye alikuwa amekwisha kufa yapata miaka mia na themanini. Tena zamani kabla ya kufa kwake, watu wa Uajemi walikuwa wakisimulia habari kama hiyo juu ya maskini mmoja wa kisiwa cha Qais, katika Ghuba ya Uajemi, ambaye naye alitajirika kwa paka. Basi yaonekana kwamba hadithi ilisafiri kutoka nchi hata nchi, ikatafuta mwenyewe. Lakini Whittington alikuwa mtu kweli, na mambo aliyoyatenda kweli ni makubwa kuliko yale ya hadithi.

Alizaliwa katika miaka ya 1350 katika kijiji cha Pauntley, jimbo la Gloucestershire, upande wa magharibi wa Uingereza. Hakuwa mtoto wa fukara. Baba yake, William Whittington, alikuwa kabaila mwenye mashamba. Walakini baba huyo alikufa mwaka wa 1358, Richard angali mtoto mdogo, naye alikuwa wa mwisho katika ndugu watatu. Desturi ya nchi ilikuwa kwamba mtoto wa kwanza mume hurithi ardhi yote. Kwa hiyo Richard alikuwa na jina zuri, lakini hakuwa na shamba, na kama wadogo wengi wa jamaa za namna hiyo, ilimpasa kutoka kwao kwenda kutafuta riziki kwa akili na mikono yake mwenyewe.

Akaenda London, mwendo wa siku nyingi kwa njia za wakati ule. London ilikuwa mji uliozungukwa na ukuta wa mawe, kando ya mto Thames, nao ulikuwa na daraja moja tu. Tauni ya mwaka wa 1348 na 1349 ilikuwa imeua watu wengi sana, na watu waliokuwamo wakisiwa kuwa 40,000 hivi. Nyumba nyingi zilikuwa za miti, njia zilikuwa nyembamba, na takataka zilitupwa njiani na mtoni. Biashara ilikuwa mikononi mwa vyama, na kila kazi ilikuwa na chama chake. Kijana aliyetaka kazi yo yote ilimpasa kwanza kutumika miaka mingi chini ya bwana mwenye ujuzi, akila na kulala nyumbani mwake, bila kupewa mshahara wa kutosha, hata aijue kazi barabara. Ndipo alipoandikwa kuwa raia wa mji, akapata ruhusa kufungua duka lake mwenyewe. Richard alifunzwa kazi ya wauza nguo za thamani. Mwaka wa 1379 jina lake laonekana katika daftari za mji, kati ya watu waliochanga fedha kwa haja za mji. Wakati huo mchango wake ulikuwa mdogo.

Bidhaa zake zilikuwa hariri, mahameli na nguo za zari, ambazo zilitoka ng'ambo, hasa Italia. Tena alipeleka ng'ambo nguo za sufu za Kiingereza. Nguo kama zile hazikuvaliwa na watu wa njiani, bali wakuu na makabaila, na wakuu walikuwa na tabia ya kuchukua leo na kulipa mwakani. Kwa hiyo mwenye duka ilimpasa awe mvumilivu, mwenye hesabu safi, na mwenye kuaminika katika neno lake. Whittington alikuwa na sifa hizo tatu. Wateja wake wakazidi, hata mfalme mwenyewe, Richard wa Pili, akawa mmoja wao. Katika miaka miwili, toka 1392 hata 1394, mfalme yule alinunua kwake bidhaa za karibu pauni 3,500, na wakati ule fundi mwashi alipata pauni chache tu kwa kazi ya mwaka mzima.

Wafalme wa zamani hizo mara nyingi walipungukiwa na fedha, hasa wakati wa vita, wakakopa kwa matajiri wa mji. Whittington alimkopesha Richard wa Pili. Mwaka wa 1399 mfalme huyo akauzuliwa, na deni lake kwa Whittington lilikuwa pauni 1,000. Wengi wangalisema kwamba fedha ile imekwisha kupotea. Lakini mfalme mpya, Henry wa Nne, akalilipa deni, maana alijua kwamba yeye pia atamhitaji mtu yule. Na ndivyo ilivyokuwa. Whittington alimkopesha Henry wa Nne, akauza hariri na zari kwa arusi za binti zake, kisha akamkopesha mwanawe, Henry wa Tano, ambaye mwaka wa 1415 alivuka bahari kwenda kupigana na Wafaransa. Yeye mwenyewe hakupata hasara katika mikopo hiyo. Mara nyingine alipewa ruhusa kupeleka sufu ng'ambo bila kutoa ushuru mpaka deni lake litimie. Mara nyingine aliwekwa kuwa mkusanya ushuru wa sufu katika bandari. Wala haifai kuficha kwamba utajiri wake ulikua karibu na kiti cha wafalme.

Katika mji nako alipanda ngazi hatua kwa hatua. Alikuwa mmoja wa watu wa baraza, na mwaka wa 1393 akawa diwani, ndiye msimamizi wa mtaa mmoja wa mji. Akachaguliwa mara tatu kuwa mkuu wa chama chake cha wauza nguo. Cheo kikubwa kupita vyote kilikuwa cha meya. Meya wa London alikuwa akichaguliwa na wenyeji kwa mwaka mmoja. Kazi yake ilikuwa kuamua mashauri, kuangalia bei ya mkate na ya pombe, kupima mizani na vibaba vya wachuuzi, kuangalia magereza, na kusema na mfalme kwa ajili ya mji.

Whittington alipata cheo hicho kwa njia ngumu. Mwaka wa 1392 mfalme Richard wa Pili aliukasirikia mji wa London kwa kuwa ulikataa kumkopesha fedha. Akamwondoa meya, akamtia kifungoni, akauweka mji chini ya mtu wake mwenyewe, na haki za zamani za wenyeji zikanyang'anywa. Whittington alikuwa katika wajumbe walioitwa mbele ya mfalme mjini Nottingham siku hizo, akaona kwa macho yake jinsi mji ulivyotwezwa. Baadaye mfalme alizirudisha haki zile, lakini kwa sharti kwamba aweza kuzitwaa tena wakati wo wote apendapo. Watu wakaishi kwa hofu. Hata mwezi wa Juni mwaka wa 1397, meya Adam Bamme akafa kabla ya kumaliza mwaka wake. Mfalme hakungoja wenyeji wachague. Alimtaja Whittington kuwa meya kwa amri yake.

Jambo hilo lilikuwa na hatari mbili. Mtu aliyewekwa na mfalme, na mfalme mwenyewe ni mdeni wake, watu wangeweza kumwona kuwa jasusi. Tena kama angeonekana kuupendelea mji tu, mfalme angekasirika mara ya pili. Whittington akashika njia ya katikati. Katika miezi michache shauri likafanywa kati ya mji na mfalme. Mji ukatoa mkopo mkubwa wa fedha, na haki za wenyeji za kujitawala zikathibitishwa. Haki ile ilikuwa yao tangu zamani, na kuinunua kwa fedha kulikuwa kuchungu. Lakini waliipata bila damu kumwagika, na ilidumu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, wakati wa uchaguzi ulipofika, wenyeji wenyewe wakamchagua Whittington kuwa meya. Aliyeingia kwa amri ya mfalme sasa alikaa kwa hiari ya watu.

Akachaguliwa tena mwaka wa 1406, na tena mwaka wa 1419, alipokuwa amekwisha kuwa mzee. Hivyo hadithi yasema mara tatu, lakini ukihesabu na ile ya kuwekwa na mfalme, alishika cheo kile mara nne. Mwaka wa 1416 aliuwakilisha mji katika Bunge. Watu wengi humwita Sir Richard, lakini hakupewa daraja hiyo na mfalme ye yote. Mpaka kufa kwake alikuwa raia wa London na mwuza nguo.

Katika muhula wake wa mwisho alikuwa mkali kwa wadanganyifu. Chama cha watengeneza pombe walikuwa wakiuza kwa bei ya juu kuliko sheria, naye akawashitaki na kuwasumbua, wala hakuwaachilia hata alipokwisha toka katika cheo. Karani wa chama chao aliandika habari hizo kwa uchungu mwingi katika kitabu chake, na kitabu hicho kipo hata leo. Mwaka ule ule wa 1419 John Carpenter, karani wa mji, alikusanya sheria na desturi zote za London katika kitabu kimoja kikubwa kiitwacho Kitabu Cheupe, ili watakaokuja nyuma wasihukumu kwa kukisia, na watu wasinyang'anywe haki kwa kuwa wazee wamekufa na kumbukumbu zao.

Lakini neno lililomgusa sana siku hizo lilikuwa habari ya gereza. Katika mji palikuwa na magereza mawili juu ya milango ya ukuta. Gereza la Newgate lilikuwa la wevi na wauaji, nalo lilikuwa chafu, jembamba, lenye giza. Gereza la Ludgate lilikuwa la raia wa mji, hasa watu waliofungwa kwa ajili ya madeni. Mwaka wa 1419, kabla Whittington hajachaguliwa, wakuu wa mji waliona kwamba wafungwa wa Ludgate wanakaa kwa raha mno, na kwamba baadhi yao wanatunga mashitaka ya uwongo juu ya watu wema. Wakalifunga gereza lile, wakawahamisha wafungwa wote Newgate. Huko hewa ilikuwa imeoza, na watu waliofungwa kwa madeni tu, ambao labda wangaliishi na kulipa, wakaanza kufa mmoja mmoja.

Whittington aliingia katika cheo mwishoni mwa Oktoba. Siku chache baadaye, tarehe 2 Novemba, amri ilitoka kwamba Ludgate lifunguliwe tena, na wale raia warudishwe. Hakungoja mwaka upite, wala hakuona haya kulitangua shauri lililofanywa na wakuu wenzake miezi michache tu kabla. Lakini amri ile iliwaokoa watu wa Ludgate peke yao. Newgate likabaki vile vile na uvundo wake, na waliomo walikuwa watu wasio na mtetezi. Mwaka mmoja wa umeya haukutosha kuvunja na kujenga gereza. Whittington alitoka katika cheo, na kazi ile ilikuwa haijafanyika.

Alikuwa sasa mjane. Mkewe, Alice Fitzwaryn, binti wa kabaila, alikuwa amekufa yapata miaka kumi nyuma, wala hawakuwa na mtoto. Mtu tajiri asiye na mtoto huangaliwa na wengi, kila mmoja akitumaini kitu. Yeye akaamua kwamba mrithi wake atakuwa mji.

Kazi nyingine aliianza angali hai. Mwaka wa 1421 watawa wa Mtakatifu Fransisko walianza kujenga nyumba ya vitabu mjini. Gharama ilikuwa pauni 556, naye peke yake akatoa 400. Katika hospitali ya Mtakatifu Thomas alitengeneza chumba chenye vitanda vinane kwa wasichana waliopata mimba bila kuolewa. Akaagiza kwamba mambo yote ya chumba kile yawe siri, ili aibu ya siku moja isiwazuie kuolewa na kuanza maisha mapya. Tena katika mtaa wake, kando ya mto, fedha zake zilijenga choo kikubwa cha watu wote, chenye nafasi 64 za wanaume na 64 za wanawake. Kilijengwa mahali ambapo maji ya mto hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa kwa bahari, na hivyo maji yenyewe yalikisafisha kila siku. Huenda mtu akacheka kusikia kwamba tajiri alijishughulisha na vyoo. Lakini katika mji ulioona tauni, kazi hiyo ilikuwa rehema kubwa.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1423 Whittington akafa, akazikwa karibu na mkewe katika kanisa la Mtakatifu Michael, ambalo yeye mwenyewe alilijenga upya. Wasii wake wanne, na mmoja wao alikuwa yule karani John Carpenter, wakaziuza mali zake, wakazigawanya kama alivyoagiza. Iko picha iliyochorwa baada ya kufa kwake, katika kitabu cha kanuni za wakfu wake: Whittington amelala kitandani, amekonda, wasii wake wamesimama karibu, na upande wa chini ni maskini kumi na watatu wamekusanyika. Hao ndio waliojengewa nyumba ya wazee maskini, wakapewa posho kila juma. Wasii wakatengeneza hospitali ya Mtakatifu Bartholomew iliyokuwa ikibomoka; wakaweka mabomba ya maji ya kunywa kwa watu wote; wakajenga nyumba ya vitabu katika Guildhall, ndiyo nyumba ya baraza ya mji, ili watu wasome. Na Newgate, gereza lile ambalo meya hakuwahi kulijenga, wakalibomoa na kulijenga upya kwa fedha zake, lenye vyumba vya kuingia mwanga na hewa. Hivyo amri aliyoianza kwa kalamu katika mwaka wa 1419, aliimaliza kwa mali yake akiwa kaburini.

Si kazi zake zote zilizodumu. Katika karne ya 16 vitabu vya Guildhall vilichukuliwa na mkuu mmoja, visirudi, na nyumba nyingine ya vitabu haikufunguliwa pale mpaka karne ya 19. Moto mkubwa wa mwaka wa 1666 uliliteketeza kanisa alimozikwa, nalo likajengwa tena. Newgate nalo, watu waliokuja baadaye walipolijaza wafungwa kupita kiasi na kuacha kulitunza, likarudi kuwa mahali pa kutisha, mpaka likabomolewa mwanzo wa karne ya 20. Maana nyumba njema haijitunzi yenyewe. Kila kizazi kina sehemu yake ya kazi. Lakini wakfu wa wazee maskini upo hata leo. Nyumba zao zimehamishwa mara mbili, nazo sasa ziko nje ya London, na chama kile kile cha wauza nguo ndicho kinachozisimamia, baada ya miaka mia sita. Tena iko hospitali kubwa katika London iitwayo kwa jina lake.

Karibu na hospitali hiyo, penye kilima ambapo hadithi yasema Dick alisikia kengele, pana jiwe la ukumbusho, na juu yake sanamu ya paka. Watu wapitao humtazama paka, wakakumbuka bahati. Lakini bahati ya paka haikumtoa mfungwa hata mmoja katika hewa mbaya ya Newgate, wala haikumpa mzee maskini mahali pa kulala. Mambo hayo yalifanywa na mtoto wa mwisho asiyerithi shamba, ambaye alijifunza kazi kwa uvumilivu, akashika neno lake kwa wakubwa, na alipofika juu hakuwasahau walio chini.